Siri ya Fundi Randa

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kazini kwa mama yake. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya kabati la mafaili, akafanya hesabu zake hadi saa kumi na moja, kisha wakarudi nyumbani pamoja. Chiriku halikuwa jina la kwenye daftari la shule. Bibi yake ndiye aliyempa, kwa sababu mtoto yule alikuwa anaongea tangu anaamka mpaka usingizi unamkatiza sentensi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja katika jengo la halmashauri ya mji: meza ya duara, viti sita, na feni iliyozunguka siku inapojisikia. Mlangoni paliandikwa MSULUHISHI. Mama alikuwa karani wa mahakama kwa miaka kumi na miwili, akiandika kesi za majirani waliokuwa wakiazimana chumvi jana yake. Halafu akapata ufadhili wa kusomea amani ng'ambo, mwaka mmoja na miezi mitatu, pamoja na wenzake kutoka nchi ishirini.

Aliporudi, mtaa mzima ulitegemea kuona gari kubwa. Badala yake walimwona akienda kazini kwa miguu, na mkoba wake uleule.

“Amesomea nini hasa?” mwenye duka alimuuliza Chiriku.

“Amani.”

“Amani nayo inasomewa? Basi mimi na mke wangu ni maprofesa wa vita.”

Chiriku alicheka, lakini moyoni aliona haya. Alitamani mama yake afanye jambo kubwa, la kuwaziba watu midomo.

Mwezi ule Mama alikuwa na kesi ya uwanja wa mafundi. Upande mmoja wa uwanja walikuwa maseremala, upande wa pili washonaji. Vumbi la mbao lilikuwa likitua juu ya nguo za wateja, na washonaji wakalipiza kwa kukata umeme wa msumeno. Siku moja walishikana mashati. Halmashauri ikatoa neno: wasipoelewana kufikia Ijumaa, uwanja unafungwa. Watu arobaini na watatu wangekosa pa kufanyia kazi.

Jumatatu, Chiriku alikuwa ametoka kuchota maji ya kunywa. Aliporudi alimkuta Mama na mkubwa wa maseremala, mzee aliyeitwa Fundi Randa. Wote wawili walikuwa wamempa mgongo. Kawaida Chiriku alitakiwa kutoka mgeni anapoingia. Siku hiyo alijipenyeza nyuma ya kabati, akatulia kimya, jambo ambalo bibi yake asingeliamini.

“Wanasema nina kiburi,” Fundi Randa alikuwa akisema kwa sauti ya chini. “Mwanangu, sikio langu la kushoto limekufa. Miaka thelathini ya kelele za msumeno. Nikijulikana kiziwi, nani ataniletea kazi? Nimekwambia wewe tu.”

“Lililosemwa humu linabaki humu, baba,” Mama akajibu.

Lakini ulimi hauna mfupa. Kesho yake, wakati wa mapumziko, Chiriku alimnong'oneza mwenzake wa dawati, binti wa Mama Sindano, mkubwa wa washonaji. “Usimwambie mtu,” alimalizia. Yule binti naye alimwambia mama yake maneno yaleyale, pamoja na “usimwambie mtu.”

Jumatano pande zote mbili zilikutana ofisini kwa Mama. Chiriku alikuwa barazani, akisikiliza kupitia mlango ulioachwa wazi kwa sababu ya joto. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kijana mmoja mshonaji aliposema, “Mwambieni kwa sauti, mzee wetu hasikii.” Watu wakacheka.

Fundi Randa aliinuka. Alimtazama Mama, akachukua kofia yake, akatoka. Maseremala wote wakamfuata.

Chumba kilipobaki kitupu, Chiriku aliingia. Mama alikuwa ameketi, mikono juu ya meza.

“Sijui siri imevujaje,” alisema. “Labda mtu alipita dirishani. Na sasa yule mzee anaamini ni mimi.”

Dirishani. Chiriku aliliona lile dirisha, na akaona jinsi lilivyokuwa rahisi. Angekaa kimya tu, dirisha lingebeba lawama, nalo dirisha halisemi.

“Si dirisha, Mama,” alisema. “Ni mimi.” Akaeleza yote: kigoda, kabati, dawati, mnong'ono. Alipomaliza alikuwa analia.

Mama hakugomba, na hilo lilikuwa zito kuliko kugombezwa. “Kule nilikosoma walitufundisha mengi,” alisema. “Lakini yote yanasimama juu ya kitu kimoja, kuaminiwa. Hicho nilichokuwa nacho leo asubuhi sina tena. Futa machozi. Nitakusindikiza kwa Fundi Randa, ila maneno yatakuwa yako.”

Walimkuta uwanjani akipiga randa ubao wa mlango. Mama alibaki getini. Chiriku alizunguka meza ya kazi, akasimama upande wa kulia wa mzee.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba.” Randa haikusimama.

“Siri yako niliitoa mimi. Nilijificha, nikasikia, nikamwambia mwenzangu shuleni. Mama hakusema kitu.”

Sasa randa ilisimama. “Amekutuma uje kumbebea mzigo wake?”

“Hapana. Mzigo ni wangu. Nimekuja kwa sababu unamdhania yeye, na si yeye. Nisamehe, babu.”

Mzee alipangusa ubao kwa kiganja, akaupuliza. Alimwangalia yule mtoto, kisha akamwangalia mwanamke aliyesimama getini.

“Umejuaje kusimama upande huu?” aliuliza.

“Upande ule usingenisikia.”

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali. “Mwambie mama yako Ijumaa nitakuja.”

Ijumaa chumba kilijaa mpaka barazani. Ofisa wa halmashauri alikaa na kalamu mkononi. Kabla mtu hajafungua mdomo, Fundi Randa alisimama.

“Mlilosikia ni kweli. Sikio la kushoto halifanyi kazi. Nilipaswa kuwaambia mwenyewe zamani.”

Washonaji waliocheka Jumatano waliinamisha macho. Mama Sindano akauliza polepole, “Mwezi uliopita nilikuja kukuomba uzime msumeno, nina gauni la bibi harusi mezani. Ulinipa mgongo. Hukunisikia?”

“Ulisimama upande gani?”

Mama Sindano alifikiri, akanyoosha mkono wake hewani kama anayepima kitambaa. “Kushoto.”

“Basi uliongea na ukuta, mama.”

Mzee mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, na safari hii hawakumcheka, walicheka naye. Mama hakuichezea nafasi ile. Kila upande ulieleza shida yake, na upande wa pili ukarudia ulichosikia kabla ya kujibu, mara nyingine mara tatu, mpaka msemaji akasema, “Hapo umenielewa.” Ilipofika saa kumi na moja walikuwa wamekubaliana: msumeno utahamia ukutani, upepo unakoelekea, utawashwa asubuhi tu, mpaka saa tano; washonaji watashona pazia la turubai kugawa uwanja; na maseremala watawatengenezea meza mpya ya kukatia nguo. Yule kijana mshonaji alimwomba mzee radhi mbele ya wote.

Ofisa akatia sahihi. “Nina masoko mawili yanayogombana,” alimwambia Mama. “Jumatatu tutakuhitaji.” Nje vigelegele vilipigwa mpaka mwenye duka akatoka kutazama. Alimpa Mama mkono, akasema kwa unyonge kidogo, “Sasa mimi na mke wangu tunaweza kuja lini?”

Chiriku alikuwa akikusanya vikombe Fundi Randa alipomsogelea, Mama akiwa pembeni.

“Mjukuu wangu,” alisema, “siri ya mtu ni mali yake. Ukiichukua bila ruhusa umeiba, hata kama mifuko yako iko mitupu. Ulikosa, usijidanganye. Lakini watu wengi ulimi wao huumiza kisha hukimbia. Wa kwako ulirudi, ukasema kweli ulipoweza kunyamaza. Kwa hiyo leo nimeweza kusema yangu.”

Mama alimwekea binti yake mkono begani. Chiriku alikuwa na mengi ya kujibu. Akaitikia, “Nimesikia, babu,” akaishia hapo.