Mashine ya Sajini Kiilu

Kila Jumamosi asubuhi, watoto wa Mbumbuni walikutana kwenye mashine ya Sajini Kiilu. Hakuna aliyeitisha mkutano. Kila mama alihitaji muthokoi, yaani mahindi yaliyotolewa ganda, wa wiki nzima, na mahindi hayajikoboi yenyewe. Basi ndoo zilipangwa mstari ukutani, na wenye ndoo wakaketi kwenye kivuli cha mabati kupiga domo. Nani alichapwa na babake, mbuzi wa nani alikula daftari la nani, dada ya nani alionekana na mwendesha bodaboda yupi. Ukitaka habari za Mbumbuni usinunue gazeti. Beba mahindi.

Sajini mwenyewe hakusikia mengi. Sikio lake la kushoto lilikufa Somalia, siku bomu lililofukiwa barabarani liliporusha gari lao la jeshi. Mguu wake nao ulirudi ukiwa na vyuma ndani. Alipostaafu, hakwenda kwao Ikutha kufuga mbuzi kama ndugu zake walivyotarajia. Alinunua mashine ya kukoboa na kuifunga Mbumbuni, ambako hakuna aliyemjua. Hilo pekee liliwapa watu maneno ya mwaka mzima.

"Ati ameua watu mia," Nzisa alimnong'oneza jirani yake Kavata.

"Mia? Juzi ulisema hamsini."

"Wameongezeka."

Siku nyingine Kavata angecheka hadi aanguke. Leo aliitazama ndoo yake tu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hajawahi kubeba mzigo mzito kama ule, ingawa ndoo yenyewe haikujaa.

Mvua za Oktoba zilikuwa zimekataa kuja, na sasa Novemba ilikuwa katikati. Ghala la kina Kavata lilikuwa na vumbi na panya mmoja aliyekonda. Kilichobaki ni bakuli mbili za mahindi meupe na pakiti mbili za mbegu ambazo mama yake, Mumbua, alipewa kwenye kikundi cha kina mama. Zilikuwa mbegu za kupanda, nyekundu kwa sababu zimepakwa dawa ya wadudu, na kwenye pakiti kulikuwa na picha ya fuvu la kichwa.

Alhamisi Mumbua alikuwa amefungua pakiti moja. Akaziosha mbegu mara tatu kwa sabuni na majivu. Maji yalitoka mekundu, kisha ya waridi, kisha karibu meupe. Akazichanganya na yale mahindi ya bakuli.

"Mwaitu, tutapanda nini mvua ikija?" Kavata alimuuliza mama yake.

"Kwanza mvua itukute hai."

"Na ile dawa?"

"Dawa iko kwenye ganda. Mashine itatoa ganda lote, punje ibaki safi. Ingekuwa unga ningeogopa, maana unga husagwa pamoja na ganda lake. Muthokoi hauna neno."

"Na Sajini akiuliza?"

"Mwambie ni ya kula. Kwani hatutayala?"

Watu wote walijua kwamba Sajini huuliza. Hakumwaga ndoo ya mtu kwenye mashine kabla ya kutia mkono ndani na kuuliza, "Ya kula au ya kupanda?" Wakubwa walimwona msumbufu. Zamu ya Kavata ilipofika, mkono ule mkubwa uliingia kwenye ndoo, ukatoka na punje chache.

"Ya kula au ya kupanda?"

"Ya kula, Sajini."

"Mbona yana wekundu?"

Jibu lilimtoka Kavata kabla hajalifikiria. "Ni kiondo, Sajini. Mama aliyalowesha, halafu akayatia kwenye kiondo kipya. Rangi ya katani imechujuka."

Lilikuwa jambo la kuaminika kabisa. Mahindi ya muthokoi lazima yaloweshwe kidogo kabla ya kukobolewa, na hakuna mwanamke wa Mbumbuni ambaye kiondo kipya hakijawahi kumchafulia kitu. Sajini akamgeuzia sikio lake zima.

"Sema tena."

Kavata akasema tena. Mara ya pili uongo ulikuwa mwepesi.

"Sawa," Sajini akasema. "Mtoto wa Mumbua hawezi kunidanganya." Akamimina.

Makapi yaliyotoka aliyakusanya kwenye gunia, na kama kila Jumamosi, mama yake Nzisa akaja kuyachukua awape kuku wake.

Jumapili, waumini walipotoka kanisani, mama yake Nzisa alikuta kuku kumi na mmoja wamelala uani, miguu juu. Yowe lake lilisikika hadi sokoni. Wakati huohuo, nyumba ya pili, Gedion mdogo wake Kavata, mtoto wa miaka minne aliyekula sahani mbili za muthokoi, alianza kutapika. Mate yalimtiririka bila kukoma, na macho yakamlegea. Bodaboda ikawakimbiza zahanati.

"Amekula nini?" muuguzi aliuliza.

"Muthokoi tu," Mumbua alijibu akilia. "Muthokoi wa mashine ya Sajini."

Kavata alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Alisikia kila neno, na hakufungua mdomo.

Gedion alilazwa siku mbili, akarudi nyumbani amebaki macho tu. Lakini habari haikungoja siku mbili. Jumatatu asubuhi soko zima lilishajua. Wengine walisema Sajini alileta sumu kutoka vitani. Wengine walisema ni damu ya watu aliowaua inayomfuata. Aliyekuwa na habari kidogo aliiongeza chumvi, na aliyekuwa hana aliitunga. Afisa wa afya alikuja, akachukua makapi kwenda kuyapima, akaifunga mashine hadi majibu yapatikane. Mtu fulani akaandika kwa mkaa mlangoni: MUUAJI.

"Si nilikuambia?" Nzisa alisema shuleni. "Watu mia, na sasa alitaka kumwongeza Gedion."



Jumatano alipotoka shule, alimkuta mama yake ameinama juu ya karai. Maji yalikuwa mekundu. Pakiti ya pili ilikuwa tupu.

"Kesho tutapika nini?" Mumbua alisema bila kuinua uso. "Hizi utazipeleka ile mashine ya ng'ambo ya mto. Ile haina sumu."

"Mwaitu... na kama si mashine?"

Mumbua aliinuka ghafla, mikono ikidondosha maji. "Unataka kusema nini? Kwamba mimi nimemlisha mwanangu sumu? Mimi? Niliosha mara tatu! Maganda yote yalitoka! Chukua ndoo uende!"

Kavata aliona kwamba mama yake hadanganyi. Alikuwa ameshikilia lile neno la mashine kama mtu anayeshikilia mzizi asiangukie kisimani. Akabeba ndoo, akaenda. Kwenye njia panda, kulia ni mtoni, kushoto ni sokoni kwa Sajini. Alisimama pale mpaka kichwa kikamuuma kwa uzito. Kisha akageuka kushoto.

Sajini alikuwa ameketi chini, ameifungua mashine yote vipande vipande na kuipanga juu ya gunia. Alikuwa akisugua chuma kimoja kwa brashi. Ndevu zilikuwa zimemjaa.

"Imefungwa, mtoto. Rudi nyumbani." Akaendelea kusugua. "Nimetafuta kosa siku tatu. Silioni. Pengine nilimwaga grisi mahali. Kichwa changu siku hizi si cha kuaminika. Ijumaa anakuja mtu kutoka Sultan Hamud kuinunua, nami nirudi Ikutha."

"Haikuwa kiondo," Kavata alisema.

Sajini hakuitika. Kavata akatambua kwamba amesimama upande wa sikio lililokufa. Maneno yaliyomchukua siku nne kuyatoa yalikuwa yamepotelea hewani. Angeweza kuondoka. Akazunguka upande wa kulia, akaitua ndoo chini, akasema kwa sauti:

"Haikuwa kiondo, Sajini. Yalikuwa mahindi ya kupanda. Nilikudanganya. Na haya ni mengine."

Brashi ilisimama. Sajini alitia mkono kwenye ndoo, akachukua punje, akazitazama kwa muda mrefu. Kavata alingoja kofi. Halikuja. Sajini alifunika ndoo, akainuka kwa shida, akasema neno moja tu: "Twende."

Mumbua alipowaona wakiingia uani pamoja, na ndoo mkononi mwa Sajini, aliketi chini palepale vumbini. Sajini hakumgombeza. Alimpigia simu afisa wa afya, ambaye alifika kwa pikipiki kabla jua halijatua.

"Mama," afisa alisema taratibu, "dawa hii haitoki kwa sabuni, na haiishii kwenye ganda. Huingia ndani ya punje. Ukiosha unaondoa rangi tu, ile rangi iliyowekwa ili ikuonye. Mngekula ndoo hii ya pili, mtoto huyu hangerudi kutoka zahanati."

Mumbua alimvuta Gedion kifuani, akalia kilio kisicho na sauti. Mbegu zilifukiwa kwenye shimo refu.

Jumapili, saa ya ushuhuda kanisani, Mumbua alisimama. Watu walidhani anamshukuru Mungu kwa uponyaji. Aliposema ukweli wote, baadhi walisema "Amina" kwa sauti ndogo, wengine wakatazamana. Mama yake Nzisa aliuliza pale pale, "Na kuku wangu?" 

Sajini alikuwa ameshamwambia yule mnunuzi asije. Mashine ikaoshwa, ikakaguliwa, ikafunguliwa baada ya wiki mbili. Jumamosi ile ya kwanza zilikuja ndoo nne, mahali palipozoea thelathini. Jina likichafuliwa kwa siku moja halisafiki kwa siku moja. Mvua nayo ilinyesha mwishoni mwa mwezi, siku tatu, na majirani wakapanda. Shamba la Mumbua lilibaki jekundu na tupu. Alikwenda kulima mashamba ya wengine ili wanawe wale.

Kavata alikwenda kwenye mashine akiwa hana mahindi. Sajini alikuwa peke yake.

"Sajini, mbona hukunipiga siku ile?"

Alimwonyesha aketi upande wa kulia. Kisha akasema, "Kule Somalia, asubuhi moja, tulimuuliza mwenzetu kama ameikagua barabara. Akasema ndiyo. Hakuwa amefika mwisho wake. Hakuwa mtu mbaya, Kavata. Alikuwa rafiki yangu. Jua lilikuwa kali, alichoka, akaona haya kusema kwamba hajamaliza. Tulipita. Walikufa wanne, na yeye mmojawao. Mimi ndiye niliyebaki wa kusimulia."



"Uongo wa mtu mbaya hauniogopeshi," Sajini aliendelea, "kwa sababu mtu mbaya tunamchunga. Unaotumaliza ni uongo wa mtu mwema, maana tunauamini. Wewe ulichelewa, na kuchelewa kwako kumenigharimu. Sitakuficha hilo. Lakini ulifika. Rafiki yangu hakupata nafasi hiyo. Siku nyingine ukiona haya kusema ukweli, useme na haya zako hivyohivyo. Haya hazijamuua mtu."