Sauti ya Mita Mia na Kumi na Mbili

Jirani yetu ana dada ambaye kazi yake ni kutoboa milima. Wenzake humwita Msumari, kwa kuwa akishaingia mahali hang'oki ila kwa koleo.

Asubuhi hiyo alikunywa chai kwa kusimama, akakagua nyaya za winchi, akawasha mashine ya kuchoronga miamba. Kambi ilikuwa juu kabisa, barabara haifiki. Hata kibiriti kililetwa kwa helikopta. Mashimo matatu yalikuwa yametoka patupu. La nne lisipoonyesha dhahabu, kambi inafungwa, watu ishirini wanarudi makwao mikono mitupu.

Saa nne, wakiwa wamefika mita mia na kumi na mbili chini, walizima mashine ili watoe mwamba uliokatwa, ule unaopanda kama mche wa sabuni. Injini ikanyamaza. Upepo nao ukanyamaza.

Ndipo sauti ikapanda kwenye bomba la kuchorongea lililokuwa shimoni.

"Zima. Inatosha."

Msaidizi wake, mtu mzima aliyefanya naye kazi miaka tisa, akaitikia bila kuinua kichwa, "Imeshazimwa, dada."

Kisha akamtazama. Msumari alikuwa ameuma bisibisi kwa meno.

"Dada," akanong'ona, "hiyo ni sauti yako."

"Nimesikia," Msumari akasema, akiitoa bisibisi mdomoni.

"Umechoka," bomba likasema. Polepole. "Rudi nyumbani."

Watu wakatupa vifaa, wakatimua mbio. Kofia ya mmoja ikabiringika hadi korongoni, hakuna aliyegeuka.

"Twende," msaidizi akamvuta mkono. "Mlima umekataa."

Aliogopa, wala hakuficha. Lakini hasira zilimpanda kuliko woga. Miaka ishirini ameambiwa arudi nyumbani: na mkwe, na mameneja, na wanaume wa kila kambi. Leo hata shimo?

Akainama mpaka midomo ikagusa chuma. Kilikuwa na joto, kama shavu la mtu.

"Nikichoka nitasema mwenyewe," akasema. "Sauti hiyo kaa nayo. Mimi nachoronga."

Akatega sikio bombani.

Halafu, chini kabisa, mtu akavuta pumzi.

Akawasha. Msaidizi akarudi kushika bomba. Shimo likapiga mayowe mita nane nzima. Mayowe ya mwanamke. Yakakoma ghafla, na jiwe jeupe likapanda, mishipa ya dhahabu ikionekana kwa macho. Kambi haikufungwa.

Wiki mbili baadaye, maabara walilipasua jiwe lile kwa msumeno, wakamwita. Ndani ya mwamba mgumu, usio na ufa wala tundu, zilibonyea alama za ncha za vidole vitano, kama kwenye udongo mbichi.

Msumari akavua glavu, akaweka vyake. Vikaenea vyote. Hata cha kati, ambacho ncha yake ilikatwa na mnyororo zamani.

Akavaa glavu.

"Kesho natoboa la tano," akasema, akatoka.

Jiwe bado liko kwenye kabati la maabara. Kila asubuhi hukutwa limelowa. Aliyethubutu kulionja anasema maji yake yana chumvi.