Glavu ya Kumpaka Sheryl

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Awuor alifumbua macho. Kulikuwa bado na giza, na jogoo wa jirani alikuwa hajawika. Alisikiliza. Huyo hakuwa panya. Sauti ile aliijua. Zilikuwa kucha za mtoto wake, zikikwaruza ngozi.

"Sheryl, mama, wacha kujikuna."

Akapapasa gizani mpaka akaupata mkono mdogo. Akaushika. Mtoto akaruka.

"Usinishike! Mkono yako inauma!"

Awuor akauachia mara moja. Akawasha taa ya sola. Shuka ilikuwa na madoa ya damu. Chini ya kucha za mtoto kulikuwa na damu pia.

Sheryl alikuwa na miaka mitano. Tangu mvua zianze, ngozi yake ilikuwa kavu na ya kuwasha. Iliwasha nyuma ya magoti, kwenye viwiko na shingoni. Sasa palikuwa na vidonda, na vidonda vilitoa maji ya manjano.

Awuor alitazama viganja vyake mwenyewe. Kwa miaka sita alikuwa akifanya kazi ufukweni mwa ziwa, hapa Asembo Bay. Aliparua magamba ya samaki aina ya ngege. Alipasua wale wakubwa, mbuta, na kuwatia chumvi. Chumvi ilikuwa imeipasua mikono yake. Ilikuwa migumu na yenye nyufa, na ukiipitisha juu ya kitambaa ilikwama.

Kulipokucha, mama mkwe wake, Mama Seline, alikuja kutoka nyumba yake ya hapo hapo bomani. Alimwangalia mtoto kwa muda mrefu.

"Nyathina, mwanangu," alisema taratibu, "msimu huu nani alipanda kwanza? Ni mimi ama ni wewe?"

Awuor alielewa swali. Kwa mila yao, mama wa boma hupanda kabla ya wake za wanawe. Mila ikivunjwa, watu husema laana ya chira huingia nyumbani, na chira huonekana kwenye mwili wa mtoto.

"Ni wewe, Mama. Mimi nilingoja."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Lakini mwanamke mzee alipoondoka, Awuor alikumbuka kunde. Zilikuwa mbegu chache tu, alizozifukia kando ya ukuta wa jikoni. Alizifukia lini? Kabla ama baada? Akambeba Sheryl mgongoni, akaenda naye zahanati.

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka, lakini alimwangalia mtoto vizuri.

"Huu ni ukurutu," alisema. "Ngozi yake haihifadhi maji, kwa hiyo inakauka na kuwasha. Hauambukizi mtu. Tatizo ni kwamba amejikuna mpaka vijidudu vimeingia. Hii ni dawa ya kunywa, siku saba. Hii ya tyubu ni ya vidonda. Utapaka kwa pamba safi. Na hili kopo ni mafuta ya ngozi. Mpake mwili mzima asubuhi na jioni, kila siku. Mafuta ndiyo kazi kubwa."

"Na asipokubali kupakwa, daktari?"

"Lazima apakwe. Rudi Jumanne ya wiki mbili zijazo. Kama vidonda havijafunga, nitamwandikia kwenda hospitali kubwa Kisumu alazwe. Vijidudu vikiingia kwenye damu, si mchezo tena."

Awuor alirudi nyumbani na lile kopo kifuani. Njia nzima alisikia neno moja tu. Alazwe.

Jioni alimwogesha mtoto, akachota mafuta kwa vidole, akaanza na mguu. Sheryl akapiga kelele, akakimbia uchi mpaka nyuma ya kabati.

"Mama, unanikwaruza!"

"Ni mafuta, mpenzi. Ni dawa."

"Si mafuta! Ni mkono!"

Awuor alijaribu kwa upole na akajaribu kwa ukali. Mwisho alikaa sakafuni, naye akalia. Mama Seline angesaidia, lakini vidole vyake vilikuwa vimekakamaa na havikuweza kunyooka. Baba Sheryl, Calvince, aliendesha trekta ya miwa huko Muhoroni. Alirudi Jumamosi tu.

Usiku huo Awuor aliwaza. Kama mkono ni mbaya, si auvalishe kitu?

Asubuhi ya Jumatano alitafuta kitu laini. Nje kulikuwa na chandarua kuukuu walichotumia kuanikia omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Alikata kipande, akakikunja mara nne, akakishona kama soksi. Akakivaa, akachota mafuta.

Kwanza Sheryl alitulia. Awuor akapumua. Alimpaka miguu yote miwili, na mgongo.

Kufikia Alhamisi jioni miguu ilikuwa myekundu kama nyanya. Mtoto alijikuna vibaya kuliko mwanzo. Kidonda kimoja kikawa vitatu.

"Yawa, nimefanya nini?" Awuor alinong'ona.

Ijumaa, Nangila alipita. Nangila alikuwa mshonaji mwenye cherehani pale sokoni. Alitoka Bungoma miaka mingi iliyopita. Pia alikuwa nyamrerwa, yaani mhudumu wa afya anayetembelea nyumba za kijiji. Aliingia na mkoba wake, akamwona mtoto. Kisha akaiona ile soksi ya chandarua kwenye kamba.

"Mama Sheryl, hii ni nini?"

Awuor akamweleza kwa aibu.

"Kwa hiyo unampaka mtoto kwa kianikio cha omena? Umemfanya samaki kabisa! Bado tu umtie chumvi."

Awuor alitaka kucheka, machozi yakamtoka. Nangila akamshika bega.

"Pole, dada. Sikiliza. Chandarua kina dawa ya kuua mbu. Dawa hiyo inawasha ngozi iliyochubuka. Halafu hiki kimejaa mchanga na chumvi ya omena. Na nyuzi zake ni ngumu. Chandarua ni cha kitandani. Kisiguse ngozi ya mtoto hivi tena."

"Basi nimemuumiza mwenyewe."

"Umekosea kitambaa. Wazo lako ni zuri, usilitupe."

Mama Seline alikuwa mlangoni, akisikiliza. "Na chira je?" aliuliza.

"Mama, mila yenu mimi siwezi kuikosoa," Nangila alisema kwa heshima. "Lakini hata kwetu, watoto ambao mama zao hawajui jembe wanapata ukurutu. Ngozi hii ni kavu. Inataka mafuta. Tuipe mafuta kwanza."

Mwanamke mzee alifikiri. "Basi mpeni mafuta," akasema, akaketi.

Nangila akawaonyesha. Maji ya kuoga yawe vuguvugu, na mtoto asikae humo sana. Sabuni kali ya kufulia nguo isimguse. Usimsugue kwa taulo, mguse tu kama unafuta chozi. Kisha mpake mafuta hapo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevu.

"Na usiingize vidole ndani ya kopo. Chota kwa kijiko safi, la sivyo unapanda vijidudu humo. Halafu unapaka kwenda chini, kama nywele zinavyolala. Hivi. Polepole. Usisugue."

Aliosha mikono, akampaka Sheryl mwenyewe. Mtoto alikubali.

"Unaona? Haogopi mafuta."

"Ndiyo, naona," Awuor alisema, na moyo ukamuuma. Mtoto aliogopa mikono ya mama yake.

Jumamosi Calvince alirudi, nguo zikinuka miwa. Alijaribu kumpaka mtoto, naye akafukuzwa.

"Mikono yangu na yako, Mama Sheryl, inaweza kupiga randa mbao," alisema.

"Usinichekeshe. Nipe vesti yako nyeupe."

"Vesti ya Jumapili? Kwani mimi nivae nini kanisani?"

"Vaa shati, nani atakuchungulia?"

Awuor alishona glavu ya pili kwa pamba ya vesti. Ilikuwa laini kweli. Sheryl alinung'unika kidogo tu. Lakini Jumapili jioni Awuor alifungua kopo, akashtuka. Mafuta ya wiki mbili yalikuwa yamebaki robo. Aligusa mguu wa mtoto. Ulikuwa mkavu. Akaikamua glavu, na mafuta yakatiririka.

Zilibaki siku tisa. Hakulala vizuri.

Jumatatu mapema alikuwa mlangoni kwa Nangila, na glavu imeloa mkononi.

"Kitambaa kimekunywa dawa ya mtoto wangu!"

"Ingia. Kopo lingine nitakuombea zahanati leo. Sasa tufikiri kama mafundi. Glavu yako inatakiwa kufanya nini?"

"Isikwaruze."

"Na nini tena?"

"Isinywe mafuta. Na ifike nyuma ya goti. Ile ya kwanza ilikuwa inateleza na kutoka mkononi."

Nangila akamwaga mabaki ya vitambaa mezani. Awuor alianza kuvipapasa, kisha akaacha.

"Mikono yangu haisikii tena ulaini," alisema. "Vyote ni sawa kwangu."

"Tumia shavu."

Awuor akafumba macho. Akapitisha kitambaa kimoja baada ya kingine shavuni. Jinzi, hapana. Kitenge kipya, hapana, kina wanga. Fulana, laini lakini ndiyo ile inayokunywa. Kisha kikaja kitambaa kilichoteleza kama maji.

"Hiki."

"Satini. Kilibaki nilipowashonea watu wa kwaya majoho."

Walidondosha tone la mafuta ya kupikia juu yake. Yalikaa, kisha yakaanza kuingia polepole.

"Tukiweka kitu ndani cha kuyazuia?" Awuor aliuliza. "Mfuko wa nailoni wa mkate?"

"Haya, nani ni fundi hapa, mimi ama wewe?"

Wakakata. Satini nje, nailoni safi katikati, pamba kama ile ya vesti ndani ili mkono usitoe jasho. Vidole vinne vikae pamoja, kidole gumba peke yake, ili mkono uweze kuzunguka goti. Lastiki kwenye kifundo cha mkono isibane. Nangila alipomaliza kushona, Awuor aliivaa na kuipitisha shavuni. Akakunja uso.

"Inakwaruza hapa pembeni."

"Ni mshono huo. Mshono uliotokeza nje ni kama ukucha."

Akaufumua, akashona upya, mshono ukabaki upande wa ndani. Awuor akajaribu tena. Shavu halikusikia kitu ila utelezi.

"Tushone mbili," Nangila alisema. "Moja ikitumika, nyingine inakauka juani. Kila siku ioshwe kwa sabuni na maji moto. Ni ya Sheryl peke yake. Asiitumie mtu mwingine hata mara moja. Nailoni ikitoboka, unatupa, unashona nyingine."

"Na asipokubali?"

Nangila alisogeza kiti. Aliichukua mikono ya Awuor, akaigeuza juu.

"Kwanza tutibu hii. Ukitia samaki chumvi, vaa glavu za mpira. Jioni nawe ujipake mafuta. Na unajua nani akupake? Huyo mtoto."

Jioni hiyo Awuor hakumwita Sheryl aje kupakwa. Aliketi mkekani na kunyoosha mikono yake. Kando yake aliweka kikopo kingine cha mafuta ya kawaida, na ile glavu ya vesti aliyokuwa ameiosha.

"Sheryl, mikono yangu inauma. Unaweza kunipaka?"

Mtoto alichungulia kutoka nyuma ya kabati. Akaja hatua moja. Akaja nyingine. Akaivaa glavu, ikamfika kwenye kiwiko. Akapaka kiganja cha mama yake, kwenda chini, polepole, kama alivyomwona Nangila akifanya.

"Hapa iko na shimo," alisema akigusa ufa.

"Ndiyo. Ni la chumvi."

"Inauma?"

"Inauma. Lakini ukinipaka hivyo, inapoa."

Sheryl akapaka mkono wa pili. Awuor hakujisogeza, aliogopa kuharibu. Kisha taratibu akavaa glavu mpya ya satini, akachota mafuta kwa kijiko, akauweka mkono hewani, karibu na mguu wa mtoto. Akangoja. Mama Seline, aliyekuwa ameketi kitini, aliacha kupepeta mchele.

Mguu ukasogea wenyewe.

Hazikuwa siku rahisi zilizofuata. Jumatano Sheryl alikataa, akapakwa mguu mmoja tu. Alhamisi alijikuna asubuhi, na kidonda kimoja kikafunguka tena, na Awuor akashinda ufukweni bila kula. Kila siku aliosha glavu. Kila siku alihesabu vidonda: sita, sita, vinne. Jumapili vilikuwa viwili. Hakuthubutu kumwambia mtu.

Jumanne daktari aliinua miguu ya Sheryl kwenye mwanga. Alitazama nyuma ya magoti, viwiko, shingo. Alichukua muda mrefu, na Awuor alishika ukingo wa meza.

"Vimefunga," daktari alisema.

"Vyote?"

"Hiki kimoja bado kidogo, lakini ni kikavu. Haendi Kisumu."

Awuor alikaa chini bila kuambiwa. Daktari akaona glavu kwenye mkoba, akaigeuza ndani na nje.

"Hii haiponyi," alisema. "Dawa na mafuta ndivyo vimeponya. Lakini imeyafikisha mafuta mahali pake. Usiache kumpaka kwa sababu amepona. Ukurutu hurudi ngozi ikikauka."

"Sitaacha."

Asubuhi iliyofuata mtoto alikuwa anarudi chekechea. Awuor alikuwa na haraka. Chai ilikuwa inachemka, na sare ilikuwa kitandani. Alimpaka miguu, mikono, tumbo na mgongo, akavua glavu na kuinuka kuchukua nguo.

Sheryl hakuondoka mkekani. Aliinua kidevu, akakiacha juu, akangoja.

"Mama, umesahau shingo."