Haragwe Jeupe Ndani ya Mkebe wa Lori

Haragwe lilikuwa moja tu, jeupe, na lilikuwa limekaa ndani ya mkebe wa Lori.

Concilie aliliona asubuhi alipokuwa akifuta meza ya televisheni. Akasimama na kitambaa mkononi. Maharagwe mekundu yalikuwa yake yeye. Meupe yalikuwa ya mume wake, Thaddée, na Thaddée hakuwepo. Mfuko wake mdogo wa maharagwe ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango tangu siku ile askari walipoingia bandarini Kalundu, wakawakusanya wapakizi wote, wakawabebesha masanduku ya risasi na kuwapandisha nayo milimani. Concilie akaenda kuushika ule mfuko. Fundo alilolifunga Thaddée lilikuwa vilevile, halijaguswa.

Sasa habari ya maharagwe lazima ielezwe, la sivyo mtu ataona ni wazimu mtupu.

Wale wawili Mungu hakuwapa watoto, aliwapa kaseti ya video. Thaddée aliletewa na baharia mmoja wa meli ya Kigoma: pambano la ngumi la zamani, raundi kumi na tano, picha isiyo na rangi, yenye mistari kama mvua. Mtangazaji alibwabwaja kwa lugha ambayo Kalundu nzima hakuna aliyeijua, kwa hiyo mabondia wakabatizwa hapohapo nyumbani. Yule mrefu, anayerudi nyuma huku mkono wake wa kushoto ukidunga na kudunga, akaitwa Cherehani. Yule mnene, anayeingia kichwa chini, anayekubali kula ngumi tatu ili atoe moja, akaitwa Lori. Concilie, mtoto wa mpigana ngumi, aliyefundishwa kutazama ulingo akiwa bado kwenye mapaja ya baba yake, alikuwa wa Lori damu na nyama. Thaddée alikuwa wa Cherehani. "Minye niko mupakizi," alisema kwa Kiswahili cha Kalundu. "Mizigo naijua. Mutu anayekwepa muzigo njo mwenye akili."

Waamuzi wa kweli huandika kumi kwa tisa kila raundi. Wao walirahisisha mambo: kengele ikilia, kila mmoja anatupa haragwe lake ndani ya mkebe wa yule anayemwona ameshinda raundi, mkebe wa maziwa kwa Lori, mkebe wa tomati kwa Cherehani. Nao walikuwa hawapatani, jamani! Raundi ya sita Cherehani alianguka chali mbele ya dunia nzima, Thaddée akaapa kwamba ameteleza. Walipatana kwa raundi moja tu, ya kumi na moja, Lori alipopigwa mpaka akapiga magoti mara mbili. Hapo Thaddée alipanda juu ya kiti akaimba, na Concilie akatupa haragwe lake kwa Cherehani huku amenuna.

Na mshindi? Hakujulikana. Pale mwamuzi alipowashika wote wawili mikono ili ainue mmoja, picha ilikatika, akatokea bibi harusi wa Bujumbura anakata keki. Mtu fulani, Mungu amsamehe, alirekodi harusi juu ya matokeo. Basi kila walipofika kwenye keki ugomvi ulianza upya.

"Uko kipofu, Concilie!"

"Weye njo kipofu!"

Kisha wanacheka mpaka machozi, na Thaddée anaenda kumtilia maji ya kuoga.

Wapakizi waliopandishwa milimani hawakurudi, isipokuwa Libérat. Huyo alifika anachechemea, akakaa mlangoni, akasema akitazama chini kwamba juu ya kijiji cha Runingu njia ilikuwa na utelezi, risasi zikalia, na Thaddée akaanguka korongoni na sanduku lake mgongoni. Hakuna aliyeshuka kumtafuta.

Mama yake Thaddée, bibi Capitoline, aliyekuwa akikaa nao tangu vita vilipomtoa kijijini kwake Katogota, alilia siku hiyo mpaka sauti ikakauka. Kisha akasema lililopaswa kusemwa. Kwa watu wa bonde la Ruzizi, maiti ikikosekana, hukatwa mgomba, ukavishwa nguo ya marehemu na kuzikwa kama mtu, ili yeye apate pa kulala na walio hai wapate kufanya matanga.

"Tuzike mugomba, mwana yangu."

"Mama, unataka kumuua mwana yako mara ya pili?" Concilie alijibu. "Libérat alimuona anaanguka. Hakumuona anakufa."

Akakataa katakata. Kila jioni umeme ulipokuja, wakati watu wa Kalundu wamejifungia kwa kuogopa askari, aliweka kaseti, akaweka mikebe miwili, akavuta kiti cha Thaddée karibu na chake na kumkaribisha kwa jina. Alitupa maharagwe mekundu peke yake. Aliona kwamba akiacha, ndipo mume wake atakuwa amekufa kweli.

Kwa hiyo asubuhi ile, na haragwe jeupe kiganjani, hakuogopa. Alifurahi! Alilibusu, ndiyo, alilibusu haragwe.

Jioni iliyofuata alitega masikio. Kengele ya kwanza ililia, akatupa haragwe lake kwa Lori. Kimya. Halafu, *tik*, ndani ya mkebe uleule. Kiti cha pembeni kikalia, kile kilio cha plastiki inapokaliwa na mtu mzito. Ikaja harufu ya dawa ya kuchua, ile ambayo Thaddée alijipaka mabegani baada ya kazi, na chini ya harufu hiyo ilikuwepo nyingine, kama ya matope ya ziwani yaliyofunikwa muda mrefu. Concilie hakugeuza shingo. Machozi yalimtiririka, akasema taratibu, "Karibu nyumbani, bwana yangu."

Tangu hapo aliishi kwa ajili ya jioni. Sokoni hakwenda tena. Chakula alikionja tu. Kuku waliozoea kulala jikoni wakahamia kwa jirani, na hata kwa kufukuzwa hawakurudi. Kila raundi haragwe jeupe lilifuata jekundu, mkebe uleule, na Concilie akajiambia kwamba kifo kimemlainisha mume wake, au mapenzi ndiyo yamemlainisha.

Bibi Capitoline alisikia yote kutoka chumba cha pili.

"Concilie," alinong'ona asubuhi moja, amemshika mkono. "Ile iko inakaa mu kiti, haiko mwana yangu."

"Mama, ni yeye. Harufu yake siijui?"

"Mwana yangu alikuwa na miguu mizito, akiingia sahani zinalia. Hii nasikia inakaa. Sijaisikia hata siku moja inaingia."

Concilie alimjibu vibaya, lakini maneno yalimwingia. Jioni hiyo alitazama pambano kwa jicho lingine. Raundi ya kumi na moja ikafika. Lori akapigwa, akapiga magoti, akainuka, akapiga magoti tena, na kengele ikalia. Raundi ya Thaddée. Raundi ambayo angekubali kukatwa mkono kuliko kumpa Lori. Concilie akachukua haragwe jekundu, akalitupa makusudi ndani ya mkebe wa maziwa, kwa Lori.

Akangoja kiti kipigwe teke. Akangoja ule wimbo. Akaomba, kwa moyo wake wote akaomba, aambiwe ni kipofu.

*Tik.* Kwa Lori.

"Uko na haki," sauti ilisema sikioni mwake, sauti ya Thaddée, laini, bila pumzi. "Minye naona kama weye, Concilie. Siku zote naona kama weye."

Akabana kitambaa chake cha machozi mkononi, akataka kusimama amwite mama mkwe, na wakati huo harufu ya dawa ya kuchua ikawa inaisha, inaisha, imebaki ile ya matope peke yake, na kiti kikajivuta kidogo kumfuata, kikajivuta tena, mpaka ubavu wake ukahisi baridi ya kitu kilichoegemea hapo kama mtu anayetaka kubembelezwa, na kwenye kioo cha televisheni, umeme ulipokatika ghafla na kioo kuwa cheusi, akajiona amekaa, na kando yake kimekaa kitu kilichoinamisha kichwa vilevile alivyoinamisha yeye, kimeshika kitambaa vilevile alivyokishika yeye, ila hakikuwa na uso.

Alipopiga yowe, halikuwa la woga peke yake. Kama huyu hakuwa Thaddée, basi Thaddée hakurudi. Basi Thaddée alikuwa korongoni.

Kesho yake mchana bibi Capitoline alimleta Marie-Rose, mama wa kikundi cha maombi cha parokia, mwanamke wa sauti kubwa na subira ndogo. Alitazama chumba, akavuta pua.

"Kiti hiki munamuwekea nani?"

"Bwana yangu."

"Bwana yako angerudi, angevuta kiti mwenyewe. Weye uliita kila siku, sasa kimeitika kingine. Jini linakula kilio chako, mama, na limenenepa."

Akanyunyiza maji ya baraka, akamwaga chumvi kwenye pembe nne, akaanza kuomba. Mikebe ikatetemeka juu ya meza. Kiti kikazunguka polepole kuelekea kwa bibi Capitoline, na sauti ikatoka, changa, ya mtoto wake.

"Mama, usinizike. Mama, iko baridi huku chini."

Bibi kizee aliziba masikio kwa kitenge, akaanguka magotini. "Bwana Yesu! Munitolee hii! Munitolee!"

"Minye siwezi kukitoa peke yangu," Marie-Rose alimwambia Concilie, jasho likimtiririka. "Weye ulikikaribisha. Weye njo utakifukuza. Kiambie si yeye!"

Concilie alisimama mbele ya kiti. Alikuwa analia kiasi kwamba hakuona vizuri.

"Weye haiko Thaddée! Thaddée hakunikubalia hivi hata siku moja! Angetupa haragwe lake kwa mukebe mwingine! Angeniambia, 'Uko kipofu, Concilie!' Weye hunijui. Toka mu nyumba yangu!"

Kiti kikaanguka. Mlango ukajifungua, upepo ukapita kuelekea ziwani, na nyumba ikawa nyepesi. Kwa jirani kuku wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja, kisha wakanyamaza.

Jioni hiyo walizika mgomba nyuma ya nyumba, umevaa shati la kazi la Thaddée. Libérat alichimba. Concilie aliuweka ule mfuko wa maharagwe meupe juu ya kifua cha mgomba, fundo limefungwa, akafukia kwa mikono yake. Akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu Libérat alipokaa mlangoni, na majirani wakalia naye mpaka matanga yakaisha.

Mvua zikanyesha. Marie-Rose alikuwa amemwambia aichome kaseti. Concilie aliahidi. Lakini kwanza, jamani, mara moja tu, ya kuagana.

Hakuweka kiti cha pili. Alitazama peke yake mpaka raundi ya mwisho, ile waliyoigombania miaka yote, akatazama jinsi Cherehani alivyodunga na kukwepa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakubali. Akachukua haragwe jekundu, akalitupa ndani ya mkebe wa tomati.

"Haya, bwana yangu. Nimekupa. Cherehani alishinda. Ulale salama."

Bibi harusi akatokea anakata keki. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya hicho kilimuuma kuliko lolote lililotangulia. Angetoa macho yake yote mawili ili agombane tena.

*Tik.*

Aliangalia polepole. Ndani ya mkebe wa Lori lilikuwa haragwe jeupe, limelowa, lina udongo wa kaburini, na kwenye ubavu wake chipukizi limeanza kutoka.

"Uko kipofu, Concilie," sauti ilisema nyuma yake, na safari hii ilikuwa inacheka.

Concilie alijua vizuri ni nani aliyekifundisha kitu kile neno hilo: yeye mwenyewe, siku alipokifukuza. Alijua, na alijua pia kwamba bibi Capitoline yuko macho chumba cha pili, anasikiliza.

Akafuta machozi, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akakivuta kiti.

"Weye njo kipofu," akasema.