Namba Iliyofutwa kwa Tupa

Asubuhi ile barafu nyembamba ilikuwa imetanda juu ya kila kitu katika yadi ya vyuma chakavu ya Estill Grubb, milimani Kentucky. Bonde zima la magari mabovu lilikuwa jeupe, kana kwamba limenyunyiziwa chumvi. Injini moja tu haikuwa na hata chembe ya barafu. Ilikaa juu ya matairi mawili, kavu kabisa, na magugu yaliyoizunguka yalikuwa bado ya kijani mwezi wa Novemba.

Hobart Clevenger aliigusa. Ilikuwa ya vuguvugu. Akajiambia jua limeipiga, na jua lenyewe lilikuwa bado nyuma ya mlima. Lakini mwenye shida huona anachotaka kukiona, na shida ya Hobart ilikuwa imemkaba koo. Injini ya lori lake ilikuwa imepasuka, na mkewe Idella alikuwa mgonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki sharti apelekwe ng'ambo ya mlima kusafishwa damu. Jirani aliyekuwa akiwabeba alikuwa anahamia Ohio Jumamosi. Bila lori, Idella asingemaliza wiki mbili. Daktari aliwaambia hivyo wote wawili, naye Idella akaitazama mikono yake, ile mikono iliyokuwa baridi kiangazi na kipupwe.

"Hii imelala hapa tangu lini?" Hobart aliuliza.

"Miaka mitatu." Estill alibaki mbali, kwenye njia, mikono mfukoni. Kwa kawaida mzee huyu hakukauka mdomo hata akiuza skrubu moja. "Ziko nyingine kule nyuma, Hobart."

"Kule nyuma ni kutu tupu na wewe unajua. Hii unamfichia nani, mkweo?"

Estill hakucheka.

Hobart hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alipangusa ubavu wa injini akasoma namba ya kalibu, ile ya aina ya injini, ambayo maelfu huwa nayo: silinda sita za mstari mmoja, ileile aliyoitaka. Akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa safi, haina ule weupe wa maji. Akafungua plagi mojamoja, zote zikawa na rangi ya kahawia, rangi ya injini yenye afya. Lakini kizuri hakikosi ila. Kwenye nyuzi za boliti alikuta tope laini la manjano, tope la mtoni.

"Hii ilizama?"

"Ilinifikia hivyohivyo," alisema Estill.

Hobart akatia kidole gumba kwenye tundu la plagi ya kwanza, na kwa mkono wa pili akaizungusha injini kwa mtaimbo, kama fundi yeyote anavyopima pumzi ya silinda. Pumzi ikamsukuma kidole kwa nguvu, vizuri kabisa. Kisha ikamvuta. Hobart akaacha kuzungusha. Mtaimbo ulikuwa umetulia, injini imetulia, na bado kidole kilivutwa, polepole, kwa mapigo, kama mtoto anyonyavyo, mpaka alipokichomoa akakuta ncha imelowa maji ya vuguvugu. Aliipangusa haraka kwenye suruali, Estill asione.

Mwisho akatafuta namba ya kugongwa kwa nyundo, ambayo kila injini ina yake peke yake, kama mtu na jina lake. Mahali pake palikuwa pamepigwa tupa. Si mashine, tupa ya mkono, mikwaruzo ya mtu mwenye hofu, na juu yake nta ya mshumaa.

"Ya wizi hii," alisema Hobart.

"Si ya wizi." Estill alikuwa ananong'ona sasa. "Ichukue kama huna budi. Lakini hapo pabaki palivyofutwa. Umenisikia? Paache."

Angemsikia, mimi nisingekuwa na hadithi. Lakini Hobart aliwaza kifundi. Injini isiyo na namba machoni pa polisi ni injini ya wizi. Akikusimamisha, lori linabaki kwake na mgonjwa anabaki kando ya barabara. Alitaka kujua ilikuwa ya nani ili awe na la kujibu. Na mafundi wanajua kwamba namba iliyogongwa huacha kidonda ndani ya chuma. Ukisugua pale mpaka pang'ae, ukadondosha tindikali, kidonda hujitokeza tena.

Akailipia, akaletewa, na alasiri hiyohiyo, ghalani kwake, injini ikining'inia kwenye mnyororo, Hobart alidondosha tindikali. Idella aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, blanketi mabegani, kalamu mkononi.

"Soma basi, mume wangu, vidole vinaganda."

Hobart akasoma kwa sauti, herufi mbili na tarakimu tano, mojamoja kadiri zilivyochomoza. Alipotamka ya mwisho, ndani ya injini ile isiyo na petroli, wala betri, wala waya hata mmoja, kitu kiligonga mara moja. Ngo.

"Umegonga wewe?" Idella aliuliza.

"Mnyororo huo, Idella."

"Mnyororo uko juu, Hobart. Mlio umetoka ndani."

Hobart alitaka sana iwe mnyororo.

Jumatatu, ikiwa imeshafungwa kwenye lori, injini iliwaka kwa mguso wa kwanza, na Hobart nusura alie kwa furaha. Lakini ndani ya lori mlinuka tope na tumbaku tamu, na hakuna kati yao aliyevuta. Kwenye njia panda, hospitali ilikuwa kulia na kivuko cha zamani cha mto kushoto. Hobart akakata kulia. Usukani ukakata kushoto. Akakanyaga breki, lori likaongeza mwendo, akazima ufunguo, injini ikaendelea, akauchomoa ufunguo kabisa, akaushika mbele ya macho yake, na injini ikaendelea kunguruma vilevile, na harufu ya tope ikazidi mpaka ikawaziba pua, na maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye matundu ya hewa yakilowesha viatu vya Idella, na mto uliojaa mvua ya wiki nzima ukawa unakuja kwenye kioo, huku Idella amemng'ang'ania mkono akipiga kelele "Hobart! Hobart! Hobart!", mpaka Hobart akaisukuma gia ya juu kabisa akaachia klachi ghafla na mguu mwingine umekandamiza breki, jinsi fundi anavyoinyonga injini iliyokataa kufa.

Lori likatetemeka, likazima. Magurudumu ya mbele yalikuwa majini.

Kisha chini ya boneti chuma kikakwaruza juu ya chuma, polepole, kama mtu anayejifunza neno jipya: "Ho... bart."

Trekta la mkulima wa pale mtoni liliwavuta mpaka nyumbani. Zamu ya Jumatatu ilikuwa imepotea, na ya Jumatano haikuwa ya kupoteza. Ndipo Idella alipomwita shangazi yake, Zelpha, bibi anayesimamisha damu ya kidonda na kupoza majeraha ya moto kwa aya za Biblia. Kule milimani Kentucky wenyewe hawasemi jini. Husema "kitu", tena kwa sauti ya chini. Mimi nasema jini, na simwonei haya mtu.

Zelpha alifika Jumanne mchana, ukungu ukiwa umelala bondeni. Alinusa tu mlangoni mwa ghala, hakuingia.

"Hii ni injini ya Vester Pruitt," alisema. "Lori lake lilimpeleka kivukoni likazama naye. Mjane wake ndiye aliyeipiga tupa ile namba, kitu kisiitwe tena. Wewe ukajiona fundi kuliko wote, ukakirudishia jina lake."

"Nilitaka kujua ni ya nani tu, shangazi."

"Umeshajua sasa. Mkono uliolitoa jina ndio utakaolizika. Piga tupa, usipumzike. Kitakuita, maana na lako kimelisikia. Kitakuita kwa sauti yoyote. Usiitike, Hobart. Hata akuite mama yako aliye kaburini."

Walimwacha Idella amejilaza nyumbani, hoi, damu yake imeshaanza kuchafuka. Zelpha akasimama mlangoni mwa ghala na mfuko wa chumvi, akinong'ona aya zake. Hobart akafungua boneti, akaegemeza tupa kwenye chuma.

Kwanza alisikia sauti ya Estill. Kisha ya mama yake, ikimwita kwa jina la utotoni, naye akazidi kukandamiza tupa. Tarakimu nne zilikuwa zimekwisha. Ndipo Idella alipoita, si kutoka kwenye injini bali kutoka upande wa nyumba, sauti dhaifu inayokatika, "Hobart, nimeanguka, Hobart, sioni, njoo," na yeye akauma mkono wa koti lake asije akafungua mdomo, akasugua huku machozi yanadondokea chuma na chuma kinayakausha, akasugua huku sauti inamsihi, inamlaumu, inataja siku ya harusi yao, akasugua mpaka herufi ya mwisho ikafutika na sauti ikakatika katikati ya neno.

Zelpha akaja akadondosha nta, akamwaga chumvi. Mbele ya macho yao barafu nyembamba ikaanza kuota juu ya injini.

"Imepoa," alisema Zelpha, akashusha pumzi. "Kimetoka."

Hobart alikuwa ameshatimua mbio kuelekea nyumbani.

Idella alikuwa amesimama wima jikoni, mlango wazi, blanketi sakafuni. Hakuwa ameanguka.

"Mchezo gani huu, Hobart?" alisema. "Unaniita halafu unanyamaza."

"Mimi? Sijafungua mdomo, mke wangu."

"Umeniita mara tatu, kwa jina langu. Nami nimeitika mara zote tatu. Nimekuja mpaka hapa mlangoni."

Nyuma yao mfuko wa chumvi ulimponyoka Zelpha, aliyekuwa amemfuata Hobart. Katika hofu yao yote, hakuna aliyekumbuka kumwambia Idella asiitike.

Hobart akaishika mikono ya mkewe, ile mikono iliyokuwa baridi kiangazi na kipupwe. Ilikuwa ya vuguvugu. Idella akamtazama, akakifumbata kidole gumba cha mumewe ndani ya kiganja, akaanza kukivuta, polepole, kwa mapigo.