Folda Iliyorukwa

Maiti ya kuli ilikutwa asubuhi katika chumba cha baridi cha kiwanda cha samaki, imejikunja nyuma ya mlango, ngumi zimechubuka kwa kugonga. Meneja alikuwa ameshamwambia mjane kwamba mumewe alilewa, akaingia humo mwenyewe, kwa hiyo fidia asahau.

Inspekta alizitazama zile ngumi, damu ikamchemka. Mlevi gani huyu, hanuki pombe hata chembe?

"Kamera zinaonyesha nini?"

"Diski ya seva imeungua, afande," meneja alijibu. "Muulize fundi wa kompyuta."

Fundi alikuwa kaka wa mjane. Ndiye aliyemtafutia shemeji yake kazi hapo. Alikaa mbele ya skrini, macho mekundu, kichwa chini.

"Nakala rudufu je?"

"Zipo, kwenye mashine nyingine. Ila za chumba cha baridi hazimo."

"Hazimo kwa nini? Hebu nifungulie mipangilio."

Geti, ofisi, stoo: folda za kamera zote zilipangwa kunakiliwa kila siku. Moja tu, ya chumba cha baridi, iliandikwa irukwe.

"Umeibadilisha leo, ili kuficha kifo?"

Seva ilikuwa ikinakili hata mipangilio yake yenyewe, na inspekta alilijua hilo.

"Rudisha mipangilio ya mwezi uliopita."

Fundi akairudisha. Irukwe. Ya mwezi wa nyuma yake, irukwe vile vile.

Inspekta akaipiga meza kofi. "Kumbe! Wakati huo marehemu alikuwa mzima, anapiga kazi. Mlikuwa mnaficha nini humo?"

Fundi akaangua kilio. "Bosi huwafungia humo wanaomjibu, mpaka wakome. Akaniambia folda ile niiruke, nisiulize. Nikanyamaza, afande, nina watoto. Leo akaniambia niiharibu na diski."

"Ukaiharibu, na unajua aliyekufa ni shemeji yako?"

"Nilijua."

Inspekta alitamani kumzaba kibao. Akajizuia, akaagiza askari wamlete meneja.

"Sikutaka afe!" meneja alifoka alipoiona skrini. "Alidai makoti ya baridi mbele ya wenzake, akaniaibisha. Nilimfungia kidogo tu, nimtie adabu. Nikapigiwa simu, nikaondoka, nikasahau."

"Ukasahau? Mtu ni mwavuli, we mshenzi? Mfungeni pingu huyu! Na fundi naye!"

Mjane alikuwa bado amesimama getini, khanga imelowa machozi. Alipomwona kaka yake akatoka mbio kumlaki, wala hakuziona pingu.

"Kaka, umewaambia mume wangu hakuwa mlevi?"

Fundi akamgeukia inspekta, akitaka asemewe.

"Usinitazame mimi!" inspekta alimkaripia. "Mwambie dada yako mwenyewe. Anza na ile folda."