Jina Lililokosekana kwenye Kadi

Kila alasiri mwaka ule wa 1988, Zeituni wa darasa la sita alipotoka shuleni alipitia chuo cha ufundi alikofanya kazi baba yake, Mzee Hemedi, fundi wa maabara. Alipangusa vumbi, kisha wakarudi pamoja nyumbani Kaloleni. Vumbi lilimchosha upesi, mashine hazikumchosha.

Aliyoipenda zaidi ilikuwa osiloskopu, mashine kuukuu inayochora mawimbi ya umeme kwenye kioo. Ndani yake kilichomekwa kikuza-mawimbi cha njia mbili, kisanduku kinachoingia na kutoka kama mtoto wa meza. Kila njia ilichora mstari wake wa kijani, mmoja juu, mwingine chini. Ilikuwa marufuku kukitoa kisanduku kabla ya kuzima umeme. Tena, kila aliyekigusa alitakiwa kuandika jina lake kwenye kadi iliyoning'inia ubavuni, awe mwanafunzi au mkuu wa chuo.

Jumanne, baba yake alipoenda stoo, Zeituni alikivuta kisanduku huku mashine ikiwa inawaka. Cheche iliruka. Kwa hofu akakirudisha kwa nguvu, na mstari wa chini haukuonekana tena. Alizima mashine, akaanza kupangusa meza aliyokwisha kuipangusa. Kwenye kadi hakuandika kitu.

Kesho yake alimkuta baba yake ameifungua mashine, jasho likimtiririka. Kando yake Lornah, mwanafunzi kutoka Sondu, alikuwa akilia. Jina la mwisho kwenye kadi lilikuwa lake.

"Mzee, haki ya Mungu, niliacha laini zote mbili ziko sawa!"

"Kadi inasema wewe ndio wa mwisho," alisema Hemedi. "Na sheria ya chuo unaijua. Aliyeharibu akanyamaza hafanyi mtihani."

"Wuololo! Mtihani ni kesho! Miaka mitatu, Mzee! Nitamwambia mama nini?"

Zeituni alitamani ardhi ipasuke immeze. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini Lornah alipoanza kukusanya madaftari yake, Zeituni alishindwa kuvumilia.

"Baba, ni mimi. Nilikivuta kisanduku jana mashine ikiwa inawaka, nikakirudisha kwa nguvu."

Hemedi alikitoa kisanduku. Alikigeuza, akaona pini moja ya nyuma imepinda. Aliinyoosha taratibu kwa koleo, akakichomeka, akawasha. Punde mistari yote miwili ikatokea.

"Tangu asubuhi nahangaika na nyaya za ndani," alisema, "kumbe ni kazi ya dakika tano." Akamgeukia Lornah. "Nisamehe, binti yangu. Mtihani utafanya."

Kisha akampa Zeituni kalamu.

"Umeme ule ungekuua, na hilo tutalizungumza nyumbani. Ila kuharibu kitu si mwisho wa dunia; mimi mwenyewe nimo kwenye kadi hiyo mara nne. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na hii yako ilikuwa inampeleka mwenzako Sondu bila cheti. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajabeba kosa lako."

Zeituni aliandika jina lake chini ya la Lornah, kadi ikiyumba chini ya kalamu.

"Nisamehe, dada Lornah."

Lornah alijifuta machozi, akaitazama kadi.

"Hilo hata halisomeki," alisema. "Andika tena." Akamshikia kadi isiyumbe.